Bafu lisilo na tundu la maji sakafuni

Bafu la namna hii halimwagiwi maji. Yakimwagika hayana pa kwenda: yanapenya kwenye viungo vya vigae, yanavimbisha fremu ya mlango, na harufu ya uvundo inabaki.

Anza pakavu. Fagia nywele na vumbi kwanza, maana vikilowa vinageuka tope linalonata. Kisha ndoo mbili: moja lita 3 za maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, nyingine maji matupu ya kusuuzia dekio. Sabuni ikizidi utafuta hadi kesho, na sakafu itateleza.

Anzia kona ya mbali, rudi nyuma kuelekea mlangoni. Dekio likamuliwe mpaka lisidondoshe. Penye uchafu sugu pulizia dawa ya kusafishia, subiri dakika 5, sugua kwa brashi, kusanya majimaji kwa mpira wa kukaushia na kizoleo. Nyuma ya choo tumia kitambaa. Dekio halifiki, na mkojo hujificha hapo.

Klorini na siki kamwe visikutane: hutoa gesi ya sumu. Maji machafu yamwage chooni, si kwenye sinki.

Malizia kwa kitambaa kikavu, mlango wazi.