Tumefikia Wapi?

Leicester, Jumapili usiku

Leo tena mume wangu ameniuliza kwa simu, kwa upole uleule unaoniumiza kuliko ukali: "Mke wangu, tumefikia wapi?" Kule Tanga ilikuwa saa tano usiku na binti yetu amekwisha lala kwa bibi yake, nami ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ndefu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikamjibu kwamba tumefikia kwenye mtihani. Hakuuliza mtihani gani.

Niliingia Uingereza Julai 2024 kwa viza ya wahudumu wa afya na matunzo, miezi minne baada ya kanuni kubadilika. Tangu Machi 11 mwaka ule, mtunzaji wa wazee anayepewa viza hiyo kwa mara ya kwanza haruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Wakala aliyenishughulikia alilijua hilo, au alipaswa kulijua, lakini kwangu alisema tu kwamba familia "itafuata". Wenzangu waliotangulia kuingia Februari wanaishi na waume zao mtaa huuhuu. Siwaonei wivu, au niseme najitahidi.

Njia ya kwanza niliyonayo ni kusubiri: nitimize miaka 5, niombe ukaazi wa kudumu, kisha nimwite mume wangu kwa viza ya familia, ambayo tangu Aprili 2024 inadai mdhamini awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mshahara wangu haufiki huko. Tena hiyo miaka 5 yenyewe imeanza kuyumba, kwa kuwa Mei 2025 serikali ilitoa waraka unaopendekeza iwe 10 kwa walio wengi. Nilimwacha binti yangu akiwa na miaka 5. Kwa hesabu hiyo nitakuja kumpokea uwanja wa ndege msichana wa miaka 15, ambaye mambo yake yote ya utoto nitakuwa nimesimuliwa.

Njia ya pili ni kurudi kwenye fani niliyoisomea. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na muuguzi aliyesajiliwa hapa, kwa viza yenye jina lilelile, anaruhusiwa kuleta familia. Hadaiwi zile pauni 29,000. Anatakiwa tu kuonyesha akiba ya pauni 285 kwa mwenza na 315 kwa mtoto wa kwanza, iliyokaa benki siku 28, na hata hiyo mwajiri anaweza kuidhamini. Niliposoma tarakimu hizo nilizirudia mara tatu nikidhani macho yamenidanganya. Mikono yangu ni ileile iliyofunga vidonda wodini na inayowaogesha wazee sasa, ila kanuni inaihesabu kuwa ya watu wawili, mmoja mwenye mume na mwingine asiye naye.

Ili nisajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, napaswa kufaulu mtihani wa kompyuta, mtihani wa vitendo, na kwanza kabisa Kiingereza. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanataka alama 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Mara ya kwanza kuandika kulinipa 6. Kazini sijamwambia mtu, kwa sababu viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyu: akiniondoa kabla sijapata cheti cha udhamini cha mwajiri mwingine, kwa kawaida hubaki siku 60 za kutafuta mdhamini mpya au kufungasha. Kwa hiyo najisomea jikoni, wenzangu wa nyumba wakishalala.

Mume wangu aliniomba nimsomee insha ya leo. Mada yake ni faida na hasara za kusafiri ng'ambo kwa ajili ya kazi, maneno yasiyopungua 250. Nilimwambia nimemaliza upande wa faida. Upande wa pili una mstari mmoja, na kesho naingia zamu saa moja asubuhi.