Mimi Sina Paka

Habari ilinikuta naosha vyombo: kampuni moja imerudisha kutoka sokoni chakula cha mbwa na paka, makopo na pakiti zaidi ya milioni 60, kwa sababu wanyama wanakufa kwa figo. Ilikuwa Machi 2007, nami nikiishi Marekani. Niliwaonea huruma wenye paka, nikaendelea kusugua sufuria. Mimi sikuwa na paka. Nilikuwa na fereti wawili.

Fereti, kwa asiyemjua, ni wa ukoo wa kicheche: mrefu kama soksi, na mwizi wa soksi vilevile. Hula nyama tu, kwa hiyo wengi tuliowafuga tuliwalisha chakula cha paka. Nilipokwenda kumwaga makombo ndipo nikaiona picha ya kichwa cha paka kwenye pakiti tupu ndani ya pipa. Miguu ikalegea.

Nilimwaga taka zote sakafuni. Nikawa nafuta mchuzi kwa kidole, pakiti moja moja, natafuta namba ya toleo na tarehe. Tatu za kwanza hazikuwamo kwenye orodha. Ya nne, pembe yenye namba nilikuwa nimeikata kwa mkasi wakati wa kuifungua. Ya tano ilikuwamo.

Daktari aliwapima damu, akakuta figo ziko sawa. Akaniambia nitupe zote, hata zisizotajwa. Nikatupa. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Fereti hujifunza chakula kwa harufu akiwa mchanga. Akishakua, asichokijua kwake si chakula. Na huwezi kumwacha njaa imfunze adabu, maana utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa tatu au nne tu. Mdogo alikubali kuku wa kusagwa siku ileile. Mkubwa aligeuza uso. Nikalala naye sakafuni, nampaka supu ya kuku mdomoni. Anailamba kwa hasira, kujisafisha tu, nami napaka tena. Usiku wa tatu alikifuata kidole kabla hakijamfikia. Nililia, sioni aibu kusema.

Siku zile kulikuwa na maelezo ya kila namna. Kwanza maabara moja ikataja sumu ya panya. Kisha, tarehe 30 Machi, ikatangazwa kuwa ni melamini, malighafi ya plastiki, iliyokutwa kwenye gluteni ya ngano, yaani unga wa protini ya ngano uliotiwa kwenye chakula hicho, iliyotoka China. Melamini ina naitrojeni nyingi, na kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni, kwa hiyo unga hafifu huonekana bora. Ikikutana na kemikali nyingine, asidi ya sianuriki, hufanya fuwele zinazoziba figo. Hapo hofu yangu iligeuka hasira. Sumu ya panya ningeweza kuiita ajali.

Ile pakiti ya nne mpaka leo sijui ilikuwa ya toleo gani. Siku hizi nafungulia upande usio na namba.