Siku Nane

Pakiti ya pedi niliyoitia kwenye mkoba wa mkononi ilivuka bahari, ikakaa wiki tatu kwenye droo ya hoteli, ikavuka bahari tena, ikarudi nyumbani haijafunguliwa. Niliiona nikitoa nguo chafu, nikakaa kitako sakafuni hapo hapo.

Mimi ni mtu wa siku 28. Tangu usichana nina kijidaftari cha vidoa vyekundu, na vidoa hivyo havijawahi kunidanganya zaidi ya siku moja, mbili. Nilipoondoka nilikuwa siku ya 10. Siku ya 29 ilinipita ugenini, ya 30 ikapita, na sasa niko kwangu siku ya 31, tumbo kimya, kiuno kimya, hata ile chunusi ya kidevuni inayotangulia kubisha hodi haijatokea.

Kazi ilikuwa mashariki, kanda 8 za saa kutoka kwangu. Wiki ya kwanza sikulala, nilijilaza tu. Napanda kitandani saa 4 usiku, mwili unaniuliza: saa 8 hii ya mchana, unatafuta nini kitandani? Saa 9 usiku nimesimama dirishani macho makavu, natazama taa za barabarani, na njaa ya mtu anayesubiri chakula cha jioni. Mchana, kikaoni, kope zinaanguka zenyewe. Wenzangu waliniambia mwili hujirekebisha kama kanda moja kwa siku, na kwamba kwenda mashariki kunatesa kuliko kwenda magharibi. Lakini wote tulikuwa tunazungumzia usingizi. Kwamba ovari nazo zilikuwa safarini, hakuna aliyenikumbusha.

Siku ya 33 nilipima mimba. Mstari mmoja. Nikakigeuzageuza kipimo kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia. Mume wangu alikuwa nje ya mlango, anajifanya anatafuta funguo. "Mmoja," nikamwambia. Alishusha pumzi. Sikujua kama ni ya nafuu au ya huzuni, na sikumuuliza, maana hata yangu sikuielewa.

Nikaenda zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia, hakuanza na tumbo langu.

"Ulisafiri siku ya ngapi, mwanangu?"

"Ya kumi, mama."

Akachukua kijidaftari changu. "Wewe unahesabu kutoka hedhi hadi hedhi. Hesabu kutoka kwenye yai. Yai likishatoka, hedhi huja baada ya siku kama 14, hapo hapabadiliki sana. Panaporefuka ni huku mwanzoni, yai linapongoja kupevuka." Akagonga kalamu kwenye siku ya 10, ya 11, ya 12. Zile zile nilizozimalizia dirishani.

Kisha akaniwekea kidole katikati ya nyusi. Huko ndani, alisema, ubongo una saa yake inayosoma mwanga unaoingia machoni, na jirani na saa hiyo ndiko inakoanzia amri ya homoni za kulitoa yai. Saa ikichanganyikiwa, na usingizi ukakatikakatika, amri nayo inaweza kuchelewa.

"Si kila msafiri, na wewe mwenyewe safari nyingine huenda usione chochote. Ila usijipe jibu kwa kipimo kimoja. Kama yai lilichelewa, hata mimba ingechelewa kuonekana. Rudia baada ya wiki. Miezi mitatu ikipita bila kitu, usisingizie ndege, njoo tukuchunguze."

Nilitoka nimekasirika kidogo. Miaka yote hiyo ya vidoa, na sikuwahi kujua nahesabu nini.

Kipimo cha pili sikukitumia. Siku ya 37 niko kazini, katikati ya kikao, nikahisi lile joto ninalolijua. Nikarudi nyuma kichwani siku 14: ya 23. Yai langu lilikuwa limesubiri hadi nikazoea kulala ndipo likatoka.

Nikafungua mkoba chini ya meza. Pakiti iliyovuka bahari mara mbili ilikuwa nyumbani juu ya kabati, nilikoitupia siku ile. Nikachana kipande cha karatasi, nikamsogezea mwenzangu wa kiti cha pili: "Dada, una pedi?"