Mita 60 za mto hazitoshi bila kanuni za barabara

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wapanda miti wa Mufindi na Njombe wanazijua hizo mita 60. Ila kifungu hakisemi kamba ya kupimia ianzie wapi, wala barabara ya kuvunia ivuke kijito namna gani, na hapo ndipo maji yanapoharibika. Kanuni zinapaswa kuyaandika haya waziwazi.

Mto wa Oktoba si mto wa Machi. Ukipima kuanzia maji ya kiangazi, masika ikifika sehemu ya ukanda huo wa mita 60 iko ndani ya mto. Kipimo kianzie pale mto unapofika ukijaa bila kufurika, yaani ukingo unapoanza kuwa bapa na vichaka vya kudumu vinapoanza kuota. Kamba nayo ishikwe usawa. Ukiilaza kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 60 zako ni 52 tu.

Kubwa zaidi ni barabara. Tope jingi la uvunaji halitoki kwenye visiki, linatoka barabarani na kwenye njia za kuburutia magogo. Trekta linashindilia udongo, mvua haizami, maji yanafuata mtaro hadi kijitoni. Mtaro mmoja unaokatiza ukanda wa mita 60 unaufanya ukanda huo uwe kama haupo. Maji ya mitaro yamwagwe msituni angalau mita 30 kabla ya kivuko. Kwenye njia za kuburutia yawekwe matuta ya kukinga maji: mteremko wa asilimia 10, tuta kila mita 25 hivi, asilimia 20, kila mita 14. Tuta likae mshazari na mwisho wake wa chini uachwe wazi. Likikatiza njia moja kwa moja bila mshazari, maji yanatuama, mchanga unajaa, na mvua kubwa inayofuata inalipasua.

Kwenye kalavati, kosa la kawaida ni bomba jembamba lililokaa juu. Maji yaliyobanwa hutoka kwa kasi na kuchimba shimo upande wa chini, na baada ya misimu michache mdomo wa bomba unaning'inia. Maji yanapita, samaki hawezi kupanda kwenda juu ya kijito. Bomba liwe na upana usiopungua ule wa kijito, na sehemu ya tano ya kimo chake izamishwe chini ya sakafu ya kijito ili changarawe ikae ndani. Samaki kama kuyu hutaga kwenye changarawe. Tope laini likiziba nafasi kati ya mawe, mayai hukosa hewa. Ukiondoa na kivuli cha miti, unaongeza tatizo: maji ya nyuzi 20 yanashika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika 7.5.

Mikaratusi ing'olewe kando ya maji? Ikatwe, ndiyo, ila visiki visichimbuliwe, maana mizizi ndiyo inayoshika ukingo. Machipukizi yaondolewe kila yanapotokea, na ipandwe miti ya asili kama mivengi. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde lililopandwa mikaratusi lilikausha kijito chake mwaka wa tisa, na baada ya miti kukatwa maji yalichukua miaka mitano kurudi sawasawa.

Linabaki suala la mkulima mdogo, na kanuni isiyomfikiria haitafuatwa. Ekari moja yenye umbo la mraba ni kama mita 64 kila upande. Ikiwa imepakana na mto, mita 60 zimeimeza karibu yote. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipobadili sheria yake ya misitu mwaka 2022, baada ya makubaliano ya 2021 kati ya kampuni za mbao na watetezi wa samaki, mwenye msitu chini ya ekari 5,000 aliachiwa achague: ukanda mwembamba zaidi, au ukanda kamili na nafuu ya kodi kwa thamani ya miti aliyoiacha. Kwa mkulima wa Njombe, nafuu ya kodi haina maana kubwa. Apewe miche ya mivengi bure, mizinga ya nyuki ya kuweka kwenye ukanda huo, na ruhusa ya kuvuna mara moja miti iliyokwisha komaa, kiangazi, magogo yakivutwa kwa kamba kutoka juu bila trekta kushuka bondeni.