Nilivyozidai pointi zangu za hoteli, mama akapata pa kulala Upper Hill

Mwishoni mwa Julai 2025, daktari wa macho pale Mombasa alizima taa yake, akasogeza kiti nyuma, akatuambia jicho la kulia la mama lina tundu dogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Upasuaji ungefanywa Upper Hill, Nairobi, baada ya wiki tatu. Jicho likishapasuliwa hujazwa gesi inayoikandamiza retina ikae mahali pake, na mgonjwa hulala kifudifudi siku kadhaa, uso ukitazama chini hata anapokula. Ndege imekatazwa mpaka gesi iishe, maana angani hutanuka na kuliumiza jicho. Kwa hiyo mama angehitaji kitanda karibu na hospitali kwa siku nne.

Jamaa tunao Nairobi, lakini wako mbali, Githurai na Utawala, na daktari alitaka kumwona saa moja na nusu asubuhi siku ya pili yake. Mama wa miaka sabini na mmoja aliyepasuliwa jicho jana humpandishi gari Thika Road alfajiri.

Usiku ule nilifungua programu ya simu ya hoteli ninayofikia nikienda Nairobi kikazi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu za vyama vya akiba na mikopo, na ofisi yetu kuu iko huko. Tangu Machi 2023 nimekuwa nikilala katika hoteli hiyo, tawi la Upper Hill, siku mbili karibu kila mwezi. Ni hoteli ya kiwango cha kati, ya kampuni yenye matawi nchi nyingi. Vyumba vyake ni vidogo na safi, maji moto hayakatiki, na chai ya asubuhi inashibisha. Inawapa wageni wa mara kwa mara pointi, na pointi 6,000 hulipia kulala siku moja. Nimelala pale siku 52. Nilitarajia kukuta pointi za kumtosha mama siku zote nne, na nyingine zikabaki. Nilikuta 8,300.

Niliumia. Siku hizo 52 nilikuwa mbali na watoto wangu, nikipanda treni Miritini, Mombasa, na kushuka Syokimau, kituo cha Nairobi, na nilikuwa nimejiambia kwamba angalau kuna kitu kinajiweka pembeni.

Kabla sijadai chochote nililitatua kwanza jambo moja lililokuwa likinisumbua. Bili za safari zangu hugharimiwa na ofisi. Je, pointi ni za nani? Asubuhi nilimpigia mhasibu wetu mkuu nikamuuliza waziwazi. Alinijibu kwamba ofisi haina habari nazo, ni za aliyelala nje ya nyumba yake, mradi nisichague hoteli ya ghali kwa ajili ya kuzipata. Nilimwomba aniandikie hivyo kwa barua pepe, akaandika. Kwa kazi kama yangu, neno la mdomo halitoshi.

Kisha nilifanya ninachokifanya kila siku kwa hesabu za watu wengine. Nilimwaga risiti zote mezani, nikafungua shajara na ujumbe wa M-Pesa, nikaanza kulinganisha siku kwa siku.

Siku 12 za mwanzo chumba kilikuwa kikihifadhiwa na kampuni ya usafiri iliyokuwa na mkataba na ofisi. Hizo hazikuwa na pointi hata moja, wala hazitakuwa nazo. Hoteli nyingi za aina hii humpa pointi mgeni aliyehifadhi chumba kwao wenyewe, kwa sababu dalali akiingia katikati huchukua kamisheni yake. Tangu Septemba 2023 ofisi ilibadili utaratibu tukawa tunahifadhi na kulipa wenyewe, kisha tunarudishiwa, na hapo ndipo pointi zilipoanza kuingia. Siku 14 ziliingia vizuri.

Ndani ya siku hizo 14 niliona jambo ambalo sijawahi kumsikia mgeni akilisema. Chumba ni shilingi 9,000. Ukiongeza asilimia 16 ya VAT na asilimia 2 ya ushuru wa utalii, bili inafika 10,620. Kodi haina pointi, inayohesabiwa ni ile 9,000, nayo hugeuzwa kwanza kuwa dola, kila dola moja ikaleta pointi kumi. Januari 2024 dola ilikuwa imefika kama shilingi 160, na siku moja ya kulala iliniletea pointi 562. Katikati ya mwaka huohuo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na chumba kilekile kwa bei ileile kingenipa karibu 700. Anayelipa kwa shilingi huliwa pointi zake na bei ya dola bila kujua, na nadhani kampuni za namna hii zingepaswa kuliandika jambo hilo mahali linapoonekana.

Kuanzia Aprili 2024 hakukuingia kitu tena. Siku 26 zimepotea, na kila mara nilikuwa nimeonyesha kadi ya uanachama kwenye simu, mhudumu akaandika namba na kuniambia, "Sawa, iko ndani." Nilizitazama risiti za Machi na za Mei nikiwa nimeziweka ubavuni, mstari kwa mstari, mpaka nikaliona. Jina lilikuwa limebadilika.

Sisi watu wa Pwani, wengi wetu, hatuna jina la ukoo katika kitambulisho. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Nilipojiunga na ule mpango, fomu ilinidai jina la ukoo na haikukubali kuendelea bila hilo, nikaandika la baba, kwa kuwa ndilo ninaloitwa nalo kazini. Mwezi wa nne 2024 hoteli ilibadilisha mitambo ya mapokezi, wageni wakaandikwa upya kutoka kwenye vitambulisho, na aliyeniandika alichukua jina la mwisho kama jina la ukoo. Hilo ni la babu. Tangu siku hiyo mashine ilimwona mtu mwingine, asiye na kadi. Namba ilikuwa sahihi, majina hayakulingana, na pointi hazikwenda popote.

Masharti yalisema siku zisizoingia hudaiwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nane zilikuwa zimeshapita, 18 bado zinadaika. Yalisema pia kwamba pointi hufa akaunti ikikaa miezi 24 bila kuingia kitu. Yangu ilikuwa imekaa 16.

Niliandika kwa makao makuu kupitia programu ile, aya mbili za upole. Zilipita siku tano kabla ya kujibiwa kwamba majina hayalingani na hivyo ombi limefungwa. Hapo niliona kwamba nimeandika kama mtu anayeomba fadhila, na si kweli. Nazijua hesabu hizi kwa upande wa pili. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, kampuni inayotoa pointi za namna hii hairuhusiwi kuhesabu pesa yote ya mgeni kuwa mapato siku ile ile. Sehemu huwekwa kando kama deni, mpaka pointi zitumike au zife. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalianza mtindo huu mwaka 1981 na hoteli zikafuata 1983, na tangu wakati huo wateja tumezoea kuuita zawadi. Kwenye vitabu vya kampuni pointi ni deni.

Basi niliandika upya, kama ninavyomwandikia mwenyekiti wa chama ambacho vitabu vyake havijakaa sawa. Niliweka jedwali la siku 18: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, namba ya chumba, namba ya risiti ya eTIMS (mfumo wa serikali wa risiti za kodi), kiasi kabla ya kodi, na kumbukumbu ya M-Pesa. Niliambatisha risiti zenyewe na nakala ya kitambulisho, nikaeleza kwa sentensi tatu majina ya Pwani yanavyokaa. Mwisho nikaandika kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inanipa haki ya kusahihishiwa taarifa zangu zilizoandikwa kimakosa, na kwamba naomba jina lisahihishwe kwanza, pointi zifuate. Nakala niliituma kwa tawi la Upper Hill.

Juma lililofuata nilikuwa Nairobi kikazi. Nilifika mapokezi saa nne usiku, nikamwomba mhudumu aniitie msimamizi wake. Akaja dada mmoja wa makamo, nywele zimefungwa nyuma, barua yangu ameichapisha na kuipigia mistari.

"Kaka, nimeisoma mara mbili," akasema. "Hebu nieleze tena. Hili la mwisho si la ukoo?"

"Ni la babu yangu, dada. Kwetu kila mtu yuko hivyo. Mwanangu la mwisho kwake ni la baba yangu."

Alinyamaza kidogo, akageuza kioo cha kompyuta, akaandika jina la mgeni mwingine wa Mombasa anayemkumbuka, kisha la mwingine wa Lamu. Wote walikuwa na kadi, na wote hawakuwa na pointi tangu Aprili 2024. Alivua miwani.

"Hawa hawajalalamika hata mmoja," akasema. "Wameacha tu kuja."

Akanieleza jambo ambalo barua zangu zote zisingelifanya. Makao makuu hayawezi kumrudishia mgeni siku isipokuwa tawi lenyewe lithibitishe kwamba alilala na akalipa. Aliketi palepale akathibitisha zote 18, moja baada ya nyingine, huku wageni wa ndege ya usiku wakihudumiwa na kijana pembeni. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Nilipomwambia ni kwa ajili ya nani, aliuliza mama atalala kifudifudi siku ngapi, akaandika kitu kwenye kijikaratasi.

Siku nne kabla ya upasuaji, saa kumi na moja alfajiri, simu ililia: pointi 12,500 na kitu zimeingia. Jumla nilikuwa na 20,800. Siku tatu zilipatikana, ya nne ilipungukiwa na 3,200. Programu ilijitolea kuniuzia pointi zilizopungua, nikapiga hesabu, nikakuta ningetoa zaidi ya bei ya chumba chenyewe kwa punguzo la mwanachama. Siku ya nne nililipa kwa M-Pesa. Anayefikiria kununua pointi apige hesabu hiyo kwanza.

Tulishuka Syokimau mchana na kufika hotelini mama akiwa amechoka. Kile kijikaratasi kilikuwa kimefanya kazi. Tulipewa chumba cha ghorofa ya kwanza, mbali na lifti na barabara, vitanda viwili, na mito sita ya ziada. Baada ya upasuaji tuliipanga mito ile kama daraja, kifua juu ya mitatu, paji la uso juu ya miwili, katikati pakabaki nafasi ya pua na mdomo. Taa kubwa hatukuiwasha siku zote hizo. Usiku wa kwanza alilia kidogo, si kwa maumivu, ila kwa shingo na kwa kutojua ni saa ngapi. Nilikuwa nikimsomea saa kila akiuliza.

Chakula ndicho kilichonipa wasiwasi. Niliteremka jikoni kuuliza kama wanaweza kutengeneza uji wa wimbi usio mzito, unaopita kwenye mrija. Haukuwa kwenye orodha yao. Mpishi wa zamu ya asubuhi aliupika na kuuleta mwenyewe, akapiga magoti kwenye zulia ili kikombe kifike chini ya uso wa mama, akaushika mrija mpaka akamaliza.

"Pole, shosho. Taratibu tu."

Alipotoka, mama aliuliza kwa sauti iliyozibwa na mito, "Shosho ndiyo nini?"

"Bibi, mama. Ndivyo wanavyoita huku."

"Ana adabu, mzee yule," akasema.

Alikuja hivyo asubuhi tatu, na jioni mbili ambazo hazikuwa zamu yake. Mama alimjua kwa viatu, vyeusi vya mpira, kimoja kimepasuka ukingoni, na kwa harufu ya iliki, maana siku ya pili alianza kuutia uji iliki baada ya kusikia tunatoka Mombasa. Waliongea sana, wakizungumza habari za mvua, watoto wake Murang'a na bei ya nazi.

Siku ya tano daktari alimruhusu kuinua uso na kusafiri kwa treni. Tulikuwa mapokezi tukisubiri teksi, jicho la kulia limefunikwa, la kushoto liko wazi. Mpishi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akaja kuaga. Mama alivitazama viatu kwanza. Kisha akapandisha uso polepole, kama daktari alivyomfundisha, mpaka akafika kwenye uso wake, akamtazama kwa muda.

"Kumbe ni mtoto," akasema, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, kumbe wewe ni mtoto mdogo hivi."