Wekundu ulioandikwa kwa wino

Mvua ilipiga mabati usiku kucha hapa Kisumu, nami nikaketi kufungua tena picha za vielelezo vilivyokaushwa vya Gloriosa superba. Ni lile ua jekundu lenye kingo za manjano, petali zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto. Kwa dani, yaani bibi yangu, upande wa Maseno, lilitambaa kwenye uzio kila masika. Ncha za majani yake hujisokota kwenye kijiti na kuupandisha mmea mzima. Dani alitukataza kabisa kugusa viazi vyake. Nilipokua nilijifunza sababu: vina kolchisini, sumu inayoua, ingawa kwa kipimo kidogo ni dawa ya jongo.

Kwenye picha ua lenyewe ni kahawia, limebanwa katikati ya magazeti hadi likakauka, kisha likabandikwa kwenye karatasi ngumu. Wekundu hauko. Uko kwenye lebo tu, pale kona ya chini, ambako mkusanyaji aliandika rangi pamoja na tarehe, mwinuko, mahali na namba yake. Mstari huo mfupi hunigusa kuliko mmea wenyewe. Mtu alisimama mbele ya ua likiwa hai, akajua litapauka, akawahi kuandika.

Majina ya mahali ndiyo hunisumbua. Hadi 1902 upande wetu huu ulihesabiwa Uganda, kwa hiyo mmea uliochumwa Kisumu kabla ya hapo ni wa Uganda kwenye karatasi. Baadaye likaja jina Kavirondo, ambalo wakoloni waliliita eneo letu hili. Vitabu vikuu vya mimea ya Afrika Mashariki, vilivyotolewa kuanzia 1952 hadi 2012, viliigawa Kenya mafungu saba: Nakuru ni K3, sisi K5. Boma la dani limo humo, ndani ya herufi moja na tarakimu moja! Na katika lebo nilizofungua, sikuona hata moja iliyotaja mwenyeji aliyeonyesha njia, wala jina aliloliita ua hilo.

Jumamosi nilienda Maseno. Dani hayupo tena, na uzio sasa ni seng'enge, lakini ua lipo, kando ya mtaro. Sikuling'oa. Nilipiga picha, nikaandika kwenye daftari: tarehe, mtaro wa boma la dani, jekundu, kingo za manjano, urefu hadi kifuani mwangu.

Jina la kwetu nimemwuliza shangazi. Amesema nisubiri, atamwuliza mkubwa wake. Nafasi yake nimeiacha wazi.