Kipande Kilichotaka Kupaa

Jibu langu lilikuwa 0.27, na nililipigia mstari mara mbili kwa rula. Nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikawa namwombea mwalimu apite upande wangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kemia. Sisi tulikuwa tukisubiri asidi na milipuko, tukapewa mizani. Kila kundi lilipata kipande cha metali kisichotajwa jina, uzi, na silinda ya kupimia yenye maji. Tutafute densiti, yaani tungamo kugawanya kwa ujazo, kisha tuseme metali ni ipi. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na kasentensi kadogo: andika jibu kwa kilo kwa kila mita ya ujazo.

Kazi ya mikono tuliifanya vizuri, hilo sioni haya kulisema. Mizani ilionyesha gramu 54.0. Kipande kilikuwa kimepindapinda, rula isingefaa kitu, kwa hiyo tulikizamisha kwenye maji yaliyokuwa mililita 50. Mwenzangu akapiga magoti ili jicho lake liwe sawa na uso wa maji, akasoma pale katikati maji yanapobonyea, si pembeni yanapoukwea ukuta wa kioo. Sabini. Maji yamepanda mililita 20, na mililita moja ni sentimita moja ya ujazo. Hamsini na nne kwa ishirini, 2.7. Lau tungeishia hapo!

Gramu 54 ni kilo 0.054, hapo hapana ubishi. Halafu nikajiambia: mita moja ina sentimita 100, basi sentimita 20 za ujazo ni mita 0.2 za ujazo. Nikagawanya, nikapiga ile mistari yangu miwili.

Mwalimu alisoma, akakichukua kipande, akakirusha juu kidogo na kukidaka.

"Mita moja ya ujazo ya hewa tunayovuta humu ndani ni kama kilo 1.2," alisema. "Ya metali yako ni 0.27. Mwanangu, kaza huo uzi, kitapaa."

Darasa zima likacheka. Mimi nilitazama dari.

Hakunipa kanuni. Alinipa chaki, akaniambia nichore sakafuni mraba wa mita moja kila upande. Kisha akauliza: vijichemraba vya sentimita moja vingapi vitapangika kwenye ukingo mmoja? Mia. Na sakafu yote ya mraba? Nikasita, nikasema elfu kumi. Akanyoosha mkono usawa wa kiuno chake: na tukipanga tabaka juu ya tabaka mpaka hapa? Tabaka mia, za elfu kumi kumi. Nilisimama katikati ya ule mraba nikiona milioni moja ikinizunguka mpaka kiunoni. Nilikuwa nimegawanya kwa mia mara moja, na mita ya ujazo hupimwa kwa pande tatu: urefu, upana na kimo.

Ishirini kwa milioni moja ni 0.00002. Kilo 0.054 kwa hiyo, 2,700. Nilikuwa nimekosea mara elfu kumi, na mkono wangu ulikuwa umekishika kile kipande muda wote ukijua kabisa kwamba ni kizito kuliko hewa. Hakuna aliyeuuliza.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Boeing 767 iliyoishiwa mafuta angani huko Kanada mwaka 1983. Katika kubadili lita kuwa kilo walitumia 1.77, ambayo ni ratili (pauni za uzito) kwa lita, badala ya kama 0.8, ya kilo kwa lita. Ndege ikaondoka na mafuta pungufu ya nusu ya yaliyotakiwa. Rubani aliitua bila injini kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, na watu wote wakapona. Wengine walisimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi nilikumbuka chaki.

"Na metali yenyewe ni ipi?" mwalimu aliuliza siku ile ya chaki.

Tulikuwa tumelisahau swali hilo kabisa. Tukakimbilia jedwali.

"Alumini, mwalimu."

Akatikisa kichwa kukubali, akageukia meza ya pili, ya wale waliocheka kuliko wote. Mmoja wao alikuwa ameinamia daftari, anafuta kitu harakaharaka.